Historia ya Dada Yetu Milimita, Fundi wa Mapazia ya Ndani ya Ukuta

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, mafundi wenzetu na nyote mliofika kusimama nasi siku ya leo, familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa niaba yake, nami ni mdogo wake marehemu, yule mwashi, wa mwisho kuzaliwa, niliyejenga naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Naomba mnivumilie sauti ikikwama, na naomba mnivumilie zaidi nikifika katikati, kwa kuwa hapo pana jambo ambalo halijawahi kusemwa mbele ya watu, na binti yake ameniruhusu nilisome.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mtoto wa pili kati ya wanne, mama yetu akiwa mshona mapazia na baba yetu akiwa mshika mnyororo katika kikosi cha wapima ardhi, yaani mtu wa kusimama juani kutwa ameshika ncha moja ya kipimo huku mkubwa wake akiandika. Na wanaokumbuka utoto wake wanasema kwamba tangu alipojua kuhesabu hakuna kitu kilichosalimika, alipima kitanda, akapima meza, akampima mbuzi wa jirani, na mkate wa asubuhi aliugawa kwa futikamba ya mama ili mtu asije akalia kwamba kaonewa, nami niliyekuwa mdogo kuliko wote nililia hivyo hivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, alichohitimu Novemba 1978 akiwa na alama za juu kabisa katika uchoraji wa kiufundi, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha ufundi, darasa la useremala, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mwalimu alimtazama mlangoni akamwambia, "Binti, umepotea, ushonaji ni jengo la pili," naye akajibu, "Sijapotea, mwalimu, mapazia nimeyaacha nyumbani, nimekuja kutafuta mbao," na darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka, akampa randa. Huko chuoni ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua, kwa sababu mwalimu yule yule alipomwambia kwamba mlango wake umepungua kidogo tu, kitu ambacho hata sentimita moja hakifiki, alikaa chini akaufungua mlango mzima, akasema sentimita ni kubwa mno, ni ya wauza magogo, yeye anataka milimita, na tangu siku hiyo akawa Milimita, baadaye Mama Milimita, hata binti yake alipoanza shule watoto wenzake wakawa wanamuuliza kama kweli yeye ndiye Milimita mwenyewe.

Aliajiriwa Februari 1982 katika karakana ya samani iliyokuwa ghorofa ya chini ya jengo la zamani la kupigia chapa vitabu, akatengeneza makabati, milango na viti kwa miaka kumi na sita, na katika jengo hilo hilo, ghorofa ya juu, alikuwa akifanya kazi kijana mmoja mpole, msahihishaji wa vitabu, mtu wa kusoma kurasa kutwa nzima akitafuta herufi iliyokosewa, ambaye alishuka siku moja kuomba kiti chake kirekebishwe mguu, akarudi wiki iliyofuata na mguu wa pili, na ya tatu na mguu wa tatu, mpaka dada akamwambia, "Kaka, kiti kina miguu minne tu, ukimaliza huo wa nne utakuja na kisingizio gani?" Walianza kuandikiana barua ingawa walitenganishwa na ngazi tu, yeye akasahihisha nukta za dada kwa kalamu nyekundu, dada akamrudishia mchoro wake wa nyumba ya ndoto akiwa ameandika pembeni kwamba mlango huu ukifunguliwa utagonga kitanda, na wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1987, wakahamia nyumba ndogo ya matofali mtaa wa pili kutoka stendi, na Mungu akawajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1990, ambaye yuko hapa mbele yenu.

Mwezi Aprili 1994 shemeji yangu alianza kuumwa macho, uvimbe wa ndani ya jicho uliokuja na kuondoka bila kutoa taarifa, siku nyingine akawa mzima anasoma hadi gazeti la mwaka juzi lililofungiwa sabuni, siku nyingine mwanga wa dirisha ukamwingia kama sindano, akalala amejifunika shuka usoni, akatapika kwa maumivu. Mama yetu alimshonea mapazia mazito ya tabaka tatu, akayaleta mwenyewe akayatundika, lakini mapazia yale hata yakifungwa yalivuja mwanga pembeni, na hata yakifunguliwa yalirundikana pande mbili yakala karibu nusu ya dirisha, chumba kikawa cha jioni tangu asubuhi, na shemeji akabaki mtu wa kukaa chumbani akisikia tu kwamba nje kuna jua. Siku moja, dada akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, alimwambia maneno ambayo dada aliyaandika nyuma ya bahasha akayabandika juu ya meza yake ya kazi, "Mke wangu, siku mbaya nipe giza lote, siku nzuri nipe dirisha lote, hizi nusu nusu zinanimaliza."

Kazi yote ambayo watu wamemsifu nayo ilitoka kwenye bahasha hiyo. Dada alichukua likizo bila malipo, akageuza chumba chao cha kulala kuwa karakana, akaniita mimi niliyekuwa napiga lipu kwenye majumba ya watu, akasema, "Mdogo wangu, nataka paneli mbili za mbao nyepesi, zitoke huku na huku, zikutane katikati zizibe dirisha lote, na zikirudi ziingie ukutani zipotee, mtu akiingia asijue kama zipo," nami nikamjibu kwamba ukuta ule ndio ulioshika paa, ukiuchimba mfuko wa kuweka mbao tutalala na vigae vifuani, naye akapima, akasema basi hatuchimbi, tunajenga ukuta wa pili mwembamba mbele ya ule wa zamani, tunaacha nafasi katikati. Ndivyo tulivyofanya, chumba kikapungua sentimita tisa, na shemeji akawa anatania kwamba mkewe amemlisha ukuta.

Msidhani ilikuwa rahisi. Paneli ya kwanza ilipiga kelele kwenye reli mpaka jirani akaja kuuliza tunachinja nini, ya pili ilivimba msimu wa mvua ikakwama ndani ya mfuko tukaitoa kwa kuvunja, ya tatu ilikuwa nzito, mgonjwa hawezi kuisukuma, ya nne ilikwenda vizuri lakini pale paneli mbili zilipokutana palibaki ufa mwembamba, na jua la saa nne lilipopita hapo lilichora mstari mmoja mweupe kukatisha kitanda, sawasawa usoni mwa shemeji. Dada aliutazama mstari ule akalia, mara ya kwanza kumwona akilia kwa ajili ya kazi, kisha akapangusa uso kwa aproni yenye vumbi la mbao, akawa na macho mekundu kuliko ya mgonjwa wake, na wote wawili wakaangua kicheko. Alihangaika miezi mitano na ufa huo, hadi alipoupa ubao mmoja ulimi na mwingine mfereji, ulimi ukaingia mferejini kabla paneli hazijagusana, akatundika kila kitu kwenye vigurudumu vya juu, akaacha chini mfereji mdogo wa kuongozea tu, akabadilisha mbao ngumu na fremu nyepesi iliyofunikwa pande mbili kwa plaiwudi ya milimita tatu, na Jumapili, tarehe 2 Juni 1996, jaribio la saba, alifunga mchana kweupe, akamuuliza mumewe, "Unaona nini?" naye akasema, "Sioni hata mkono wangu, ahsante." Siku tatu baadaye, macho yakiwa yametulia, alizirudisha paneli ndani ya ukuta kwa kidole kimoja, na shemeji akainuka, akapapasa ukuta upande huu, akapapasa upande ule, akasema, "Mapazia yako wapi?" kisha akasimama dirishani kwa saa nzima akisoma kwa sauti mabango ya maduka ya ng'ambo ya barabara, na kusahihisha makosa ya tahajia.

Watu walisikia, kwanza mwenye nyumba, kisha mpiga picha aliyetaka chumba cha giza, kisha mama mmoja aliyefanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana, na mwaka 1998 dada aliacha ajira akafungua karakana yake, yeye akichora na kutengeneza mbao, mimi nikijenga kuta za kuzipokea, na sheria ya karakana ilikuwa moja, ambayo kila fundi aliyepita pale aliikariri kwa maumivu, kwamba mfuko wa ukuta haufungwi mpaka Milimita mwenyewe apige magoti, amulike ndani kwa tochi, apitishe brashi, na aseme funga. Ilikuwa kero. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba anatufanya tuonekane watoto, naye alinijibu kwamba ukishaziba hakuna anayeona tena, kwa hiyo aone sasa.

Ndugu waombolezaji, sasa nimefika pale pa katikati.

Mwaka 2004 tulipewa kazi kubwa kuliko zote, madirisha ishirini na mawili katika wodi mpya ya macho na watoto ya hospitali moja, kazi ambayo dada aliiomba mwenyewe kwa barua nne, kwa sababu alijua maana ya mgonjwa kuomba giza na akapewa nusu. Mapema Septemba, wiki moja kabla ya ufunguzi, shemeji alipangiwa upasuaji wa jicho, dada akaenda kukaa naye siku nne, na akaniachia kuta sita ambazo hazijafungwa, akaniambia mlangoni kabla hajapanda gari, "Hizo sita zisubiri, nitarudi Ijumaa nizimulike." Siku ya Jumatano mkandarasi alikuja, akasimama katikati ya wodi mbele ya vibarua wote, akasema, "Mwashi, wageni rasmi wanakuja wiki ijayo, na wewe umeacha kuta zimeachama kama kibogoyo anayecheka, wewe ni fundi au ni mlinzi wa mashimo?" Watu wakacheka. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto, na kicheko kile kiliniuma, nikajiambia kwamba mimi si msukule wa dada yangu, kwamba saruji iliyodondoka mle ndani ni makombo tu, kwamba kuta kumi na sita zimekwenda vizuri na hizi zitakwenda vizuri, nikachukua mwiko, nikaziziba zote sita, nikapiga lipu, na Ijumaa dada aliporudi akiwa amechoka, mumewe amefungwa bandeji, nikamwambia nimemulika mwenyewe, ziko safi. Aliniangalia. Akasema, "Umemulika?" Nikasema, "Nimemulika, dada." Akasema haya.

Ijumaa, tarehe 17 Septemba 2004, mbele ya wageni, muuguzi mmoja kijana aliombwa aonyeshe jinsi paneli zinavyotoka ukutani, akavuta ya dirisha la tano, ikatoka nusu ikagoma, akavuta tena, mgeni mmoja akaja kumsaidia kwa nguvu, vigurudumu vikaruka nje ya reli, na paneli nzima ikamwangukia yule muuguzi, ikamvunja mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia. Ninausikia mlio wake hadi leo. Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye kikao, chumba chenye meza ndefu na jagi la maji, na mganga mkuu akauliza swali moja, nani aliyeufunga ukuta ule, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, nikatazama jagi. Dada akasema, "Kazi ni yangu, jina lililo kwenye mchoro ni langu." Mganga akarudia, "Nauliza aliyefunga, mama, si aliyechora." Akasema, "Nimeshajibu."

Tulitoka, tukatembea hadi kona ya duka la dawa, nikitegemea anitukane, au anipige, ningeshukuru kupigwa, lakini aliniambia tu, "Kesho njoo na tindo na nyundo, tunafungua kuta zote," nasi tukafungua zote ishirini na mbili, tukamulika, tukasafisha, tukaziba, kazi ya siku kumi na tisa bila ujira, na kila jioni yeye alipita wodi ya pili kumtazama yule muuguzi, akimpelekea uji, na mimi nilibaki nje nikisingizia kuosha vifaa. Mkataba ulivunjwa, habari zikasambaa kwamba mapazia ya Milimita yanavunja watu mikono, na kwa miaka sita mfululizo hakuna aliyetuita, karakana ikafungwa, nami nikapata kazi kwa mkandarasi yule yule, ndiyo, yule yule, na dada akachukua cherehani ya mama aliyekuwa amekwisha kufariki, akarudi kushona mapazia ya kitambaa, kitu alichokikimbia tangu ujana wake, akiyashona vizuri mno, na hakumwambia mtu, si mumewe, si binti yake, si ndugu zetu, na mimi nilikuwa nakula kwake kila Jumapili.

Shemeji yetu alifariki tarehe 21 Januari 2009, akiwa ameshapoteza jicho moja na nusu ya lile la pili, akifikiri mpaka mwisho kwamba mkewe alikosea vipimo, na nakumbuka alivyokuwa akimfariji, akimwambia kwamba hata vitabu vizuri hutoka na kosa ukurasa wa tano, na dada akaitikia, "Ni kweli, baba," huku mimi nikikoroga chai ambayo sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Katika hayo yote niliyoyafanya, hilo ndilo zito kuliko yote, kwamba nilimwacha mtu mwema afe akiwa anamsamehe mkewe kosa langu.

Kilichomrudisha dada kazini ni yule yule muuguzi, ambaye mkono wake ulipona ingawa haukunyooka vizuri, akasoma, akapanda cheo, akawa muuguzi mkuu wa hospitali nyingine, na Oktoba 2010 alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akasema, "Mama, nina wodi ya watoto wanaoumwa macho, na nimekaa miaka sita nikiwaza jinsi paneli za yale madirisha mengine ishirini na moja zilivyokuwa zikienda." Dada akamwambia hawezi, ameshazeeka, naye akamwambia, "Huna hata hamsini, acha uongo." Alifungua tena karakana, akachora upya, akaongeza kitu kimoja, kifuniko chembamba cha mbao mwishoni mwa mfuko, kinachofunguliwa kwa skrubu mbili, ili yeyote, hata mfagiaji, aweze kuona ndani ya ukuta na kuusafisha wakati wowote, na kifuniko hicho ndicho ambacho wachoraji wa majengo walikuja kukisifu, wakakiiga, wanafunzi wa chuo wakafundishwa, na mwaka 2016 alipopewa cheti cha heshima na chama cha mafundi aliulizwa jukwaani wazo hilo alilipata wapi, akajibu, "Kwa mwashi mmoja mvivu," ukumbi ukacheka, nami nikacheka na ukumbi. Aliniita tena kujenga kuta zake siku ile ile alipopata kazi, hakuniuliza chochote, na kati ya mwaka 2010 na 2023 tuliweka madirisha mia nne na kumi na mawili, katika wodi, madarasa, maktaba mbili, na nyumba nyingi za watu wa kawaida.

Alianza kukohoa Machi 2023, madaktari wakakuta mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la mbao la miaka arobaini, akaambiwa aache karakana, akaacha kwa wiki mbili, kisha akawa anakaa mlangoni amevaa barakoa akituelekeza kwa fimbo, mpaka Agosti mwaka huu alipolazwa kwa oksijeni. Jumatatu, tarehe 28 Oktoba, saa za kuwaona wagonjwa, nilikwenda peke yangu, nikakaa, nikaongea habari za bei ya saruji, nikaongea habari za mvua, mwishowe nikapiga moyo konde nikasema, "Dada, zile kuta nne za ile wodi, sikuzimulika." Miaka ishirini nilikuwa nimejizoesha kusema nne moyoni mwangu, sijui kwa nini, labda nne ni nyepesi kubeba. Alisogeza barakoa ya hewa pembeni, akasema, "Nne? Mimi nilizikuta sita." Akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja mbio, akamwinua, akamtuliza, na alipopata pumzi nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunisema, naye akajibu kwa vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu, "Ungefukuzwa kila mahali, ulikuwa na watoto wanne. Halafu nilikuwa nakungoja. Kila Jumapili nilisema, leo atasema. Umechelewa, mwashi, lakini umekuja." Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja kama anayetafuta kitu, akasema kucha zangu chafu.

Tulitegemea atapata nafuu, lakini hali ilibadilika usiku wa kuamkia Ijumaa ya tarehe 8, na Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na binti yake upande mmoja na mimi upande wa pili, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi saba na siku ishirini na sita, hesabu ambayo nimeirudia mara tatu kwa kuogopa kuikosea mbele yake. Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada mmoja, na mimi.

Juzi Jumapili nilimwita binti yake uani, nikamwambia yote niliyoyasoma hapa, alisikiliza bila kunitazama, akaniuliza, "Mjomba, baba alikufa hajui?" Nikamwambia hajui. Akaingia ndani, nikajua nimempoteza, kisha akatoka na karatasi hii ambayo tulikuwa tumeandika mistari mitatu tu mahali pa mwaka 2004, akanipa na kalamu, akasema, "Andika, halafu usome wewe mwenyewe. Sijui kama nimekusamehe." Nimeandika, nimesoma, na hilo la mwisho nalipokea kama lilivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu waliomhudumia kwa miezi mitatu na kumvumilia alipowaambia kwamba vitanda vyao havikupangwa kwa mstari, inawashukuru majirani wa mtaa wa pili waliopika, wakateka maji na kulala nasi, inawashukuru mafundi wa karakana waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao, wakipima kila ubao mara mbili, inawashukuru walimu wa chuo cha ufundi, wateja na wote waliotuma rambirambi kutoka mbali. Kwa namna ya pekee tunamshukuru muuguzi mkuu, ambaye amekaa safu ya pili, aliyekuwa akija kila alasiri baada ya zamu yake kumwosha dada yetu na kumsuka nywele kwa mkono ule ule, na kwako, mama, mbele ya watu wote hawa, nasema niliyopaswa kuyasema mbele ya meza ile ndefu: aliyefunga ukuta ni mimi, naomba radhi.

Dada, nimemaliza kusoma. Nimechelewa miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuna Jumapili hata moja uliyoninyima kiti mezani pako. Mungu akupokee, akulaze mahali pema. Pumzika sasa, dada yangu, pumzika kwa utulivu, sisi tutakusindikiza.